Kijerumani kabla ya safari: hesabu vipindi, usihesabu miezi

Tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini makubaliano ya uhamiaji jijini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, mbele ya Rais William Ruto na Kansela wa wakati huo, Olaf Scholz, maswali kuhusu Kijerumani yamezidi majibu. Kwanza zilivuma habari kwamba nafasi 250,000 za kazi zinawasubiri Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha: makubaliano hayo hayataji idadi yoyote ya wafanyakazi, na kila mwombaji lazima atimize masharti ya sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo. Lakini uvumi ukishatoka haurudi kirahisi. Mitandaoni bado kuna wanaoahidi "B2 kwa miezi mitatu", na kuna vijana wanaoacha kazi na kukopa karo kwa kuamini ahadi hiyo. Wengi wao si wavivu wala si wazito wa kuelewa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekaa nao akawapigia hesabu.

Tuanze na hizo herufi. A1, A2, B1, B2, C1 na C2 ni ngazi sita za umahiri zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na hutumika kupima lugha yoyote, si Kijerumani pekee. A1 ni ya kujitambulisha, kuuliza bei, kutaja saa na kujaza fomu fupi. A2 unaweza kueleza familia, kazi na ratiba yako, na ukajitetea dukani au kwenye basi. B1 unasimulia jambo lililotokea, unatoa sababu, unaandika barua pepe inayoeleweka. B2 unaweza kufuatilia mazungumzo ya Wajerumani wanaoongea wenyewe kwa wenyewe, bila kukupunguzia mwendo, na ukatetea hoja yako kwa maandishi. C1 ni ya mhadhara wa chuo kikuu, na C2 ni karibu na mzawa aliyesoma vizuri.

Kila njia ya kuingia Ujerumani ina ngazi yake, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Au pair, yaani kijana anayekaa na familia ya Kijerumani akisaidia kulea watoto, anahitaji A1. Mume au mke anayemfuata mwenzake, kwa kawaida, A1 pia. Anayekwenda kufanya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi yanayolipwa mshahara mdogo wakati unasoma, huombwa B1, na waajiri wengi wa uuguzi hutaka B2 kabisa. Nesi aliyekwisha kusajiliwa kwao anaweza kuruhusiwa kuingia akiwa chini ya hapo ili akamilishie kule, ila kutambuliwa rasmi kama muuguzi kwa kawaida hudai B2. Daktari ana mtihani wake wa lugha ya kitabibu katika ngazi ya C1. Vyuo vikuu vinavyofundisha kwa Kijerumani hutaka mtihani wa lugha wa kuingilia chuo: DSH-2, au TestDaF yenye alama ya 4 katika kila sehemu.

Halafu kuna Chancenkarte, kadi ya kutafutia kazi iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Sharti lake la chini la lugha ni A1 ya Kijerumani au B2 ya Kiingereza, kisha unakusanya pointi angalau 6: A2 inakupa pointi 1, B1 pointi 2, B2 pointi 3. Watu husikia "A1 inatosha" wakafunga safari. Inatosha kuingilia nchini tu. Mwajiri wa Hamburg au Stuttgart atakayekufanyia usaili haangalii pointi za ubalozi. Anaangalia kama utamwelewa mgonjwa, fundi mwenzako au mteja. Kadi hiyo ni ya mwaka mmoja, na mwaka mmoja wa kutafuta kazi huku unajifunza kuhesabu ni mfupi mno.

Vipindi, si miezi

Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani yenye matawi Nairobi na Dar es Salaam, hukadiria ujifunzaji kwa vipindi vya dakika 45. Kuanzia sifuri, A1 huchukua vipindi 80 hadi 200. A2 ni 200 hadi 350. B1 ni 350 hadi 650. B2 ni 600 hadi 800, na C1 ni 800 hadi 1,000. Hizo ni jumla tangu siku ya kwanza, si nyongeza kwa kila ngazi.

Sasa lichukue lile tangazo la B2 kwa miezi mitatu. Wiki 12, vipindi 600 kwa makadirio ya chini kabisa: ni vipindi 50 kwa wiki, yaani 10 kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Hiyo ni saa saba na nusu za darasani kila siku, kabla hujagusa kazi ya nyumbani, na bila kuugua hata siku moja. Kozi kali ya kawaida ina vipindi vinne kwa siku, 20 kwa wiki. Kwa mwendo huo B2 inafikiwa baada ya wiki 30 hadi 40 za darasa. Anayesoma jioni tatu kwa wiki, vipindi vitatu kila jioni, atafika B1 baada ya wiki 39 hadi 72. Nesi mwenye zamu za usiku ajipangie mwaka na nusu hadi miaka miwili kufika B2, na asione aibu. Hiyo ndiyo hesabu.

Makadirio yana upana mkubwa kwa sababu kipindi si kipindi tu. Darasa la watu 10 ambamo kila mmoja anaongea haliwi sawa na la watu 40 wanaonakili ubao. Ukihudhuria bila kufanya mazoezi nyumbani, andaa idadi ya juu. Kwa kila saa ya darasani tenga walau saa moja ya peke yako.

Jambo jingine la kuling'amua mapema: kumaliza kozi ya B1 hakukufanyi uwe na B1. Ni kama udereva. Chuo cha udereva kinaweza kukupa karatasi kwamba ulihudhuria, lakini askari barabarani atakuomba leseni. Karatasi ya kuhudhuria kozi huitwa Teilnahmebestätigung, na ubalozi haukubali hiyo mahali pa cheti cha mtihani. Vyeti vinavyokubalika kwa kawaida ni vya Goethe, telc, ÖSD na TestDaF. Uliza pia umri wa cheti, maana ofisi nyingi hutaka kiwe cha karibuni. Na cheti cha kununua achana nacho kabisa: vyeti huhakikiwa, afisa wa viza anaweza kukusemesha Kijerumani palepale dirishani, na kutumia hati ya kughushi ni kosa la jinai.

Kinachompa Mswahili nafuu, na kinachomkwamisha

Husemwa sana kwamba ukijua Kiingereza, Kijerumani ni mteremko. Kiingereza husaidia katika msamiati, lakini mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji mwingine ambao hautajwi. Amezoea upatanisho wa kisarufi. Anajua tangu utoto kwamba jina linaburuta maneno mengine: kiti kizuri kimevunjika, miti mizuri imevunjika. Kijerumani kina makundi matatu tu, der, die na das, na wingi wake. Tofauti ni kwamba ngeli zetu mara nyingi zinajionyesha kwenye kiambishi, ilhali jina la Kijerumani mara nyingi halikupi dalili ya kutegemea. Kwa hiyo usiandike "Tisch = meza" kwenye daftari. Andika "der Tisch, die Tische". Aliyejifunza majina 600 bila der, die, das atalazimika kujifunza yote 600 upya akifika A2, pale maneno hayo yanapoanza kugeuka den, dem na des.

Irabu zetu tano ziko safi na zinafaa. Zinazokosekana ni ü na ö. Kwa ü, tamka i ndefu, usisogeze ulimi, kisha viringisha midomo kama unayesema u. Kwa ö, fanya hivyohivyo kuanzia e. Sauti ya ch katika "Nacht" mtu wa pwani anayo tayari kwenye kheri na Sheikh. Ile ya "ich" ni nyembamba zaidi: weka ulimi kama unayetaka kusema y, kisha toa pumzi bila sauti.

Kazi kubwa iko mwishoni mwa neno. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu, kwa hiyo "Arzt" (daktari) hugeuka "Aruzuti" na "Obst" (matunda) huwa "Obisiti". Mjerumani akisikia irabu tatu za ziada hulipoteza neno zima, hata kama sarufi yako haina kosa. Dawa yake ni kujenga neno kutoka nyuma: st, bst, Obst. Dakika tano kila siku kwa wiki sita, ukijirekodi kwenye simu na kulinganisha na sauti ya mzawa. Zoezi hili linachosha na halina sifa, lakini ukilikwepa mwanzoni utakwenda na matamshi hayo hadi wodini.

Sentensi nayo inahitaji kuangaliwa kwa karibu. Chukua hii, ambayo nesi ataisema mara nyingi: "Frau Weber hat nicht geschlafen, weil sie Schmerzen hatte", yaani Bi. Weber hakulala kwa sababu alikuwa na maumivu. Sisi tunasema "hakulala", na neno moja limebeba nafsi, wakati na ukanushi. Kijerumani kinaugawa mzigo: hat mahali pa pili, nicht katikati, geschlafen mwishoni. Kisha baada ya weil kitenzi kinakimbilia mwisho kabisa, hatte. Ukijifunza kanuni hiyo kama kanuni, utaikumbuka kwenye karatasi na kuisahau ukifungua mdomo. Chukua sentensi hiyohiyo na ubadilishe kipande kimoja kimoja: hajala kwa sababu alikuwa na kichefuchefu, hakuinuka kwa sababu alikuwa na kizunguzungu. Sentensi 20 zilizosemwa kwa sauti zina faida kuliko kurasa tano za maelezo.

Namba na saa ndizo zinazoumiza zaidi watu waliokwisha kufaulu mitihani. Kijerumani hutanguliza mamoja: 47 ni "siebenundvierzig", saba na arobaini. Anayeandika huku anasikiliza huandika 74. Shinikizo la damu la 135 kwa 85 husomwa "hundertfünfunddreißig zu fünfundachtzig". Hapo kosa la mpangilio si la darasani tena, ni la mgonjwa. Mwombe mwenzako akusomee namba za simu na vipimo kwa kasi ya kawaida, uandike, kisha msahihishe. Namba 30 kila siku, kwa mwezi mzima.

Na saa: "halb acht" si saa mbili na nusu asubuhi. Ni nusu ya kuelekea nane kwa hesabu ya Kizungu, yaani 7:30, kwetu saa moja na nusu. Mswahili anafanya mageuzi mawili kichwani kwa wakati mmoja, la hesabu yetu ya saa na la "halb", na ndiyo maana hukosea hata aliye B1. Mashariki mwa Ujerumani na sehemu za kusini utasikia hata "viertel acht", nayo ni 7:15. Weka simu yako kwenye mfumo wa saa 24 na lugha ya Kijerumani tangu mwezi wa kwanza.

Siku moja ya kujifunza

Orodha rasmi ya Goethe ya B1 ina maneno karibu 2,400. Maneno 10 mapya kwa siku, siku sita kwa wiki, ni wiki 40. Ukijipa 50 kwa siku utaacha baada ya wiki mbili. Yaandike kwenye kadi au programu ya kadi kama Anki, kila neno ndani ya sentensi, na uyarudie kesho, baada ya siku tatu, wiki, wiki mbili, mwezi. Neno unalokosea linarudi mwanzo wa foleni.

Kusikiliza kunataka nusu saa, na kosa la kawaida ni kusikiliza vitu vingi mara moja moja. Chukua sauti ya dakika mbili. Isikilize bila maandishi na uandike ulichoshika. Isikilize ukisoma. Kisha iseme pamoja na msemaji, ukifuata mwendo na pumzi zake, hadi uweze kuisema bila karatasi. Deutsche Welle ina kozi za bure mtandaoni kuanzia A1 hadi B1, na taarifa ya habari inayosomwa polepole ambayo inawafaa walio karibu na B2. Programu za simu zenye mchezo wa pointi ni nzuri kwa kurudia maneno ukiwa kwenye daladala au matatu, lakini hazikulazimishi kuongea na mtu anayekukatiza, na mtihani unakulazimisha.

Kuongea usikusubirishe hadi "nitakapoiva". Tafuta mwenzako mmoja wa ngazi yako, dakika 20, mara nne kwa wiki, saa ikiwa mezani. Mada iwe moja, Kiswahili na Kiingereza marufuku kwa muda huo. Makosa yataganda tu kama hakuna anayeyasahihisha kamwe, kwa hiyo mpelekee mwalimu rekodi moja kila wiki.

Kuandika ndiko kunakoangusha wengi katika B1. Sehemu hiyo ya mtihani wa Goethe ina dakika 60 na kazi tatu: barua pepe ya maneno 80 kwa rafiki, maoni ya maneno 80, na ujumbe wa heshima wa maneno 40. Barua ya kwanza huja na hoja tatu za kujibu. Watahiniwa huandika Kijerumani kizuri kuhusu hoja moja na kuziacha mbili, na alama zinakwenda. Wengine humwandikia mkuu wa kozi kwa "du", wewe ya kirafiki, badala ya "Sie" ya heshima. Andika tatu kwa wiki ukitumia saa, si ukitumia kamusi.

Katika kusikiliza kwa B1, sehemu ya kwanza na ya nne huchezwa mara mbili, ya pili na ya tatu mara moja tu. Aliyezoea sauti ya mwalimu wake anayeongea taratibu hushtuka hapo. Kila moduli kati ya nne ina alama 100 na unahitaji 60 kufaulu. Ukianguka moja, unaweza kurudia hiyo peke yake. Pakua mitihani ya mfano ya bure kwenye tovuti ya Goethe, na ujiandikishe ukipata 70 au zaidi katika moduli zote, kwenye mitihani miwili tofauti. Jiandikishe mapema, maana nafasi hujaa.

Kwa nini watu huacha katikati

Miezi mitatu ya kwanza kila kipindi kina kitu kipya unachoweza kumwonyesha mtu. Kati ya A2 na B1 hilo linakoma. Maneno yanakuwa ya dhana, viishio vya vivumishi vinaingia, karo inaendelea kudaiwa na wakala hapokei simu. Hapo ndipo madarasa hupungua, na si kwa sababu ya umri, ingawa wengi wa zaidi ya miaka 35 hujilaumu kwa hilo. Mtu mzima hujifunza sarufi vizuri. Kinachomshinda zaidi ni muda na usingizi.

Hamu inayotegemea viza peke yake ni dhaifu, kwa sababu viza iko mbali na haiko mikononi mwako. Iunge lugha na kazi yenyewe mapema. Fundi umeme aangalie video za Kijerumani za mafundi umeme, hata akielewa theluthi moja. Nesi ajifunze majina ya viungo na vifaa vya wodini akiwa bado A2, na aandike taarifa fupi ya makabidhiano ya zamu kila jioni. Maendeleo yapimwe kwa kitu kinachoonekana: rekodi ya dakika mbili kila mwezi kuhusu mada ileile. Sikiliza ya mwezi wa pili ukiwa mwezi wa saba. Hakuna maneno ya kutia moyo yanayofikia hilo.

Shimo la pili liko baada ya kufaulu. Cheti kikishapatikana, miezi ya kusubiri mkataba na miadi ya ubalozi huwa mingi, vitabu vinafungwa, na aliyefaulu B2 anashuka ndege akiongea kama A2. Katika kipindi hicho punguza, usiache: mazungumzo mawili kwa wiki, kadi zako za zamani kila siku dakika 10, na kusikiliza lafudhi ya jimbo unalokwenda, kwa kuwa Kijerumani cha Bavaria hakifanani na cha kwenye kaseti ya mtihani.

Mwezi wa mwisho usome karatasi zitakazokukuta. Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia kwenye nyumba unatakiwa kujisajili, Anmeldung, na utaombwa Wohnungsgeberbestätigung, hati ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia. Miji mingi huweka fomu hizo kwenye tovuti zake. Zichapishe ukiwa bado nyumbani, zijaze zote kwa kalamu, na kila neno usilolijua liingie kwenye kadi za wiki hiyo.